Tumejenga karibu na kituo cha utafiti kisichosema kinafanya nini. Tuuze tuhame?

Bwana Afya,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba Gikomba siku tatu kwa wiki. Miaka mitatu iliyopita tulihamia kwetu wenyewe baada ya kupanga Githurai tangu tulipooana. Ploti tuliinunua kwa mkopo wa sako ambao hadi leo tunaulipa. Bei ilikuwa nafuu hadi tukajiuliza, mbona? Sasa naona jibu nimelipata.

Mtaa sitautaja. Ng'ambo ya barabara ya vumbi kuna kituo kikubwa cha utafiti. Ukuta wake umepita paa letu, juu una nyaya za umeme, na kila baada ya hatua chache kuna kibao cha kukataza kupiga picha. Langoni pameandikwa herufi nne tu, na kila mtu hapa mtaani ana kirefu chake cha herufi hizo. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya ukuta ule, hivyo sebule yetu hukaa gizani mpaka saa tatu.

Mambo yanayonikosesha usingizi ni haya. Kuna mngurumo usiokoma, mchana na usiku. Stima zikipotea mtaa mzima unakuwa giza, lakini kule taa hurudi kabla hujapata kiberiti. Magari meupe yenye vioo vyeusi huingia saa nane usiku. Siku moja niliona lori lina alama ya njano yenye kitu kama pembe tatu zilizoshikana na pete. Na kila Alhamisi jioni kuna moshi unaotoka kwenye bomba refu, wenye harufu ya nywele na plastiki inayoungua. Kijana wangu Tevin, ana miaka 9, hukohoa sana jioni hizo.

Si hayo tu. Meno ya mbele ya Tevin yana madoa ya kahawia ambayo hata kwa dawa ya meno hayatoki. Agosti kuku wangu 11 walikufa ndani ya wiki moja, wengine shingo zimejipinda kama waliokabwa. Tunatumia maji ya kisima cha jirani, na sasa naogopa kumpa dada yake Tevin, ambaye ana miaka miwili na amezaliwa hapahapa.

Kwenye kikundi cha mtaa cha WhatsApp wengine wanasema humo kuna nyani wanaodungwa magonjwa, wengine wanasema wanafuga mbu wa kutuachilia. Tangu Korona hakuna anayecheka maneno kama hayo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale steji anasema binamu yake alifanya kazi humo na akaapishwa asiseme kitu. Nilikwenda langoni kuuliza kwa heshima. Soja akaniambia, "Mama, rudi ukapike."

Mume wangu anasema ni sinema nyingi ninazotazama. Yeye hutoka saa kumi na moja alfajiri na hurudi usiku, kwa hiyo moshi huo anausikia kwa mdomo wangu. Sasa yule mwenye duka ametuletea mnunuzi. Anatoa kama theluthi mbili ya pesa tulizonunulia, bila kuhesabu nyumba, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niuze?

Mama Tevin, Nairobi

Bwana Afya anajibu:

Mama Tevin, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Kabla ya kustaafu nilikagua machinjio, mikahawa, vyoo vya shule na maabara kadhaa, kwa hiyo nina tabia mbaya ya kusoma barua za watu kama ripoti ya ukaguzi. Uvumilie.

Kwanza, yule soja. Umeuliza swali la maana ukajibiwa utovu wa adabu. Kituo kilichojengwa katikati ya makazi ya watu na kisichoweza hata kubandika langoni jina lake kamili na nambari ya simu kimejitafutia uvumi chenyewe. Pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa kuna mtambo wa CERN wa kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu, duara la kilomita 27 lililochimbwa takriban mita 100 chini ya ardhi. Ulipokaribia kuwashwa Septemba 2008, watu walihofu utazaa shimo jeusi la kuimeza dunia, wengine wakaenda mahakamani. Dunia ipo, na mikopo ya sako tunalipa. Juu ya duara hilo kuna mashamba na vijiji, na wageni hutembezwa na kuelezwa. Jirani zako wangejifunza hapo.

Sasa tuchambue, maana umeyaweka yote kwenye kapu moja na kapu limekuwa zito.

Meno ya Tevin hayakuharibiwa na kituo hicho. Nasema hivyo bila kumwona, kwa sababu ya hesabu yako mwenyewe. Ana miaka 9 na mlihamia hapo miaka mitatu iliyopita, yaani alikuwa na miaka 6. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa ndani ya ufizi mtoto angali mchanga, na akifika miaka minne mitano sehemu inayoonekana imeshakamilika. Madoa yale, kama ni ninayoyadhania, aliyapata Githurai. Visima vingi vya Nairobi na kandokando yake vina madini ya floridi kupita kiasi, kwa sababu maji yake hukaa katika miamba ya volkeno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikua anakunywa maji yaliyozidi hapo, meno hutoka na madoa, na hakuna dawa ya meno itakayoyaondoa.

Lakini usipumue bado. Umesema binti yako ana miaka miwili na anakunywa maji ya kisima. Meno yake ya kudumu yanajengwa sasa hivi, wiki hii, huku wewe ukitazama ukuta. Chukua maji hayo yakapimwe floridi. Na usidhani kuyachemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floridi hubaki, tena huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Yakipatikana na floridi nyingi, mtafutie mtoto maji mengine ya kunywa na kupikia, au ulizia vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo watu wa upande wa Nakuru wamevitumia. Mwambie na jirani mwenye kisima. Akikasirika, shauri yake.

Kuku: shingo kujipinda na kundi zima kuteketea ndani ya wiki moja ni sura ya kideri. Ugonjwa huo ulikuwa ukimaliza kuku wa nyanya zetu kabla ya hata tofali la kwanza la ukuta huo. Chanjo yake ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu minne. Muone afisa wa mifugo wa wadi kabla hujanunua wengine. Na wakifa tena, wazike, usimpe mtu wala mbwa.

Mngurumo ni mafriji na mafeni. Maabara inayohifadhi sampuli huwa na friji za nyuzi 80 chini ya sifuri ambazo hazizimwi hata Krismasi. Na pale panaposhughulikiwa vijidudu vya hatari, feni huvuta hewa kuelekea ndani muda wote, ili mlango ukifunguliwa hewa ya humo isitoke nje, na ile inayotolewa hupitishwa kwanza kwenye vichujio. Ndiyo maana jenereta huwaka papo hapo stima zinapopotea. Mngurumo huo kweli unakera, na kuna sheria za kelele. Ila mimi ningeamka usiku pale ambapo ungenyamaza ghafla.

Alama uliyoiona kwenye lori ni ya hatari ya kibayolojia. Tafuta ndoo ya taka au sanduku la sindano siku ukimpeleka mtoto kliniki, utaiona. Inasema taka hizi zina damu au vijidudu, usizishike. Magari ya saa nane usiku siwezi kuyasemea. Nakisia tu kwamba anayebeba sampuli kwenye barafu hataki kukaa nazo kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Nimebakiza moshi, na hapa ninavua kofia ya utani.

Umeandika kitu ambacho pengine hukujua uzito wake: jua huchomoza nyuma ya ukuta. Maana yake kituo kiko mashariki mwa nyumba yako. Upepo wa Nairobi, sehemu kubwa ya mwaka, hutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo bomba hilo likitoa kitu, ninyi ndio mnaokipokea. Alama ya lori inaonyesha kuna taka za kibayolojia, harufu ya nywele na plastiki inaonyesha kuna uchomaji, na siku moja maalumu kwa wiki inaonyesha ratiba. Nadhani wana tanuri la kuchomea taka, na kuwa nalo si kosa. Taka za namna hiyo zichomwe, tena vizuri. Tanuri zuri hufika nyuzi 850 kwenye chumba cha kwanza, kisha moshi wenyewe huchomwa tena katika chumba cha pili, kwa joto la kufikia 1,100. Likifanya kazi hivyo hutasikia harufu ya nywele. Unapoisikia, aidha mafuta yanabaniwa, aidha tanuri ni bovu, aidha mlango hufunguliwa kabla ya wakati. Panapofuka moshi pana moto, wahenga walisema kweli. Swali langu ni moto wa nyuzi ngapi.

Kwa hiyo achana na swali la wanafanya nini ndani. Litakuzungusha miaka, na hata wakikujibu utajuaje kama ni kweli? Uliza kinachotoka: moshi, maji taka, takataka. Historia ya mambo haya iko upande wangu. Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk uliokuwa Muungano wa Kisovieti, kimeta kilivuja kutoka kituo cha kijeshi na watu zaidi ya 60 wakafa. Serikali ikasema ni nyama mbovu, mpaka 1992 ilipokiri. Watafiti walipochora ramani ya waliougua, waliwakuta kwenye ukanda mwembamba ulioanzia kituoni na kufuata upepo wa siku hiyo. Mwaka 2007 huko Pirbright, Uingereza, virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vilifika kwenye ng'ombe wa jirani, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mabomba ya zamani ya maji taka yaliyokuwa yakivuja chini ya ardhi. Hapo kwanza hewa, hapo pili bomba. Nyani hawakuruka ukuta.

Na usisahau Owino Uhuru, Mombasa. Hapakuwa na siri yoyote pale. Kila mtu alijua ni kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watu waliomba kazi humo, hakuna aliyenong'ona habari za binamu walioapishwa. Kumbe madini ya risasi, yaani ledi, yalikuwa yakiingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mwenyewe kupimwa na kukutwa nayo mwilini. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kilichowabeba ni vipimo. Uvumi ungewafikisha wapi?

Basi nawe anza kupima. Nunua daftari. Kila Alhamisi, na siku nyingine ukiuona moshi, andika saa ulioanza, saa ulioisha, rangi, harufu, ulikoelekea, na Tevin alivyokohoa. Andika pia kikohozi cha siku zisizo na moshi, hata kama hakiungi mkono hoja yako. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Andika jirani anayechoma takataka zake kando ya barabara, na jiko la makaa kama hupikia ndani. Fanya hivyo wiki sita. Mtoto usimsubirishe wiki sita: mpeleke kliniki sasa akachunguzwe pumu.

Ukiwa na daftari, usirudi langoni peke yako. Tafuta mwenyekiti wa mtaa na majirani watano sita. Nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu kwanza. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inautaja moshi wa bomba unaodhuru watu miongoni mwa kero ambazo afisa huyo anaweza kuamuru zikomeshwe. Ni sheria ya zamani, wengi huipuuza, lakini mimi nimeitumia na inauma. Kisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Waombeni kwa maandishi ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya kituo hicho, ukaguzi wake wa kila mwaka, na leseni ya tanuri. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinawapa haki hiyo. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hamlazimiki kueleza sababu, na wanapaswa kujibu ndani ya siku 21. Wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utawala wa Haki, ile watu wanayoiita Ombudsman. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri hamjaandika kitu.

Na kituo chenyewe kiandikieni pia, kwa upole, mkiomba mkutano. Wakurugenzi wengi wa mahali kama hapo huwa hawajui soja wao anasema nini. Wengine ni wanasayansi waoga tu, wanaodhani mtu wa nje ataogopa zaidi akiambiwa. Wakiwakaribisha, nendeni, na mtu asitoe simu kupiga picha akaharibu kila kitu.

Sasa yule mwenye duka. Mama Tevin, nimempigia mstari kwa wino mwekundu. Yeye ndiye mwenye binamu aliyeapishwa asiseme, ambaye hata hivyo amesema. Yeye ndiye amekuja na mnunuzi. Mnunuzi huyo haogopi nyani wala mbu, ila ana haraka ya mwisho wa mwezi. Sina ushahidi juu yake na simshtaki. Nauliza tu, kama pale ni pa kukimbia, mtu anakimbilia kununua kwa nini? Usitie sahihi chochote. Nenda ukaulize majirani wengine wangapi wameletewa "mnunuzi", na kama ni yuleyule.

Ikiwa baada ya daftari, vipimo na barua mtagundua tanuri ni bovu na hakuna anayelitengeneza, hapo suala la kuhama litakuwa na miguu, na mtauza kwa bei yenu na kwa wakati wenu. Leo hujafika hapo.

Kuhusu Baba Tevin, sinema hazitoi harufu. Alhamisi ijayo aombe ruhusa kazini arudi saa kumi. Mwekee kiti nje, upande wa ukuta, umpe chai, na yeye ndiye ashike kalamu.